Ushauri: "Kila nikirudi dago nakukuta mwezini"

BARUA

Assalamu alaykum wahusika wa safu hii.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi Sahare hapa Tanga. Kazi yangu ushonaji, cherehani ninayo nyumbani. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Kiza cha mwezi kikiingia anakwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, na wenziwe, huko hukaa wiki mbili, pengine na siku mbili tatu juu. Mbalamwezi ikirudi ndiyo yuko nyumbani, anapumzika na kutengeneza nyavu.

Tulikuwa tunapanga uzazi kwa sindano ya miezi mitatu. Baadaye tukakubaliana tuongeze mtoto, na sindano yangu ya mwisho nilichoma Julai mwaka jana. Hedhi ilirudi Januari, lakini siyo ile niliyoizoea. Siku ya kwanza na ya pili tumbo na kiuno vinanikata mpaka siwezi kukanyaga cherehani. Siku ya pili natumia pedi saba au nane na mabonge yanatoka. Kabla ya hapo, kwa siku kama mbili, kichwa kinanigonga upande mmoja. Nilipokwenda kituo cha afya nesi aliniuliza hedhi ya mwisho ilianza lini, inakaa siku ngapi, mzunguko wangu ni wa siku ngapi. Sikuwa na jibu la kueleweka. Akaniambia niwe naandika, kisha nirudi.

Nikaweka programu kwenye simu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mwisho wa Aprili simu ilikuwa juu ya meza, kioo kikawaka: "Hedhi yako imechelewa siku 2." Mume wangu akaichukua, akafungua, akaona kalenda imepakwa rangi "siku za rutuba", na zote zinaangukia wakati yeye yuko dago. Akasema sasa ameelewa: nahesabu siku ili nisishike mimba yake, na pengine nina jambo langu jingine siku ambazo hayupo. Akasema pia, "Kila nikirudi dago nakukuta mwezini, hii haiwezi kuwa bahati." Programu akaifuta palepale. Wifi yangu naye anasema kuhesabu ni mambo ya wanawake wasiotaka kuzaa.

Tangu siku hiyo nikisema jambo lolote, hata pesa ya mboga, jibu ni moja: "Hizo siku zako zinasema."

Tarehe nimezinakili kwenye karatasi. Hedhi ilianza 3 Januari, 31 Januari, 4 Machi, 31 Machi, 2 Mei na 29 Mei. Mume wangu anasema zinavyoruka hivi ni dalili kwamba kuna kidonge nameza kwa siri. Wallahi simezi kitu. Niendelee kuandika au niache? Na nikiendelea, namweleza vipi?

Mama wa wawili, Sahare

JIBU

Waalaykumu salaam Mama wa wawili.

Endelea kuandika. Tena karatasi yako imeshafanya kazi kubwa kabla hata ya kufika kwa nesi, maana shutuma nzito kuliko zote za mumeo ina jibu ndani ya tarehe hizo sita, na jibu lenyewe linahusu kazi yake ya uvuvi.

Kwanza tuzihesabu. Mzunguko unaanza siku ya kwanza ya damu ya kutoka hasa, siyo matone ya kuchafua nguo, na unaishia siku moja kabla damu ya mwezi unaofuata haijaanza. Kutoka 3 Januari hadi 31 Januari ni siku 28. Kutoka hapo hadi 4 Machi ni 32, hadi 31 Machi ni 27, hadi 2 Mei ni 32, hadi 29 Mei ni 27. Jumla ni siku 146 kwa mizunguko mitano, yaani wastani wa siku 29 na kidogo.

Sasa mwezi wa angani, tangu mbalamwezi moja hadi nyingine, unachukua siku 29 na nusu. Mumeo anafanya kazi kwa mwezi huo, kwa sababu dagaa hufuata taa kukiwa na kiza, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu. Kwa hiyo kuna hesabu mbili ndani ya nyumba moja, yako na ya mwezi, zenye urefu karibu sawa. Hedhi yako ikishaangukia siku ambazo yeye yuko nyumbani, itaendelea kuangukia hapohapo mwezi hadi mwezi, ikienda mbele au nyuma siku chache tu. Katika miezi yote hiyo mitano mmepishana kwa chini ya siku mbili. Mwezi wenyewe hauiti damu wala hauizuii. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 25 aliyeolewa na mvuvi huyohuyo, hedhi yake ingerudi nyuma siku nne na nusu kila mwezi, na baada ya miezi mitatu ingekuwa inaangukia kizani. Hapo mumewe angesema kila akirudi anamkuta tohara, yaani hana hedhi.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ndio unaoeleza kwa nini mimba haijaingia. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Zingatia hapo: kabla ya inayofuata, siyo baada ya iliyopita. Nusu ya kwanza ya mzunguko ndiyo hurefuka na kufupika, nusu ya pili hubadilika kidogo tu. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, ute ukiwa mzuri. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita: tano za kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka kwenyewe.

Kwa tarehe zako, hedhi ijayo itarajie kati ya 25 na 30 Juni. Ukirudi nyuma siku 14, yai linatoka kati ya 11 na 16 Juni. Ukirudi tena siku tano, mlango unafunguka tangu tarehe 6. Sasa muulize mumeo mwenyewe: kati ya tarehe 6 na 16 Juni yuko wapi? Yuko dago. Na mwezi uliopita je, siku kama hizo? Dago. Rangi aliyoiona kwenye simu ilikuwa inaonyesha kwamba mtoto mnayemtaka wote wawili anapitwa na ratiba ya uvuvi, yeye akaisoma kinyume.

Dawa yake ni ya kupanga pamoja. Siku zenye nafasi kubwa zaidi ni mbili za kabla ya yai kutoka na siku yenyewe, lakini hata siku ya nne au ya tano kabla ina nafasi yake. Akiweza kuchelewa kuondoka siku tatu baada ya wenzake, au kurudi nyumbani usiku mmoja au miwili katikati ya dago, mtakuwa mmegusa siku hizo. Dalili ya kukuongoza wewe ni ute. Hedhi ikikatika, kwa siku kadhaa kunakuwa kukavu, kisha unakuja ute mzito wa kunata, halafu unakuwa mwembamba, wa kuteleza, unaonekana kama ute mweupe wa yai bichi na ukiuvuta kati ya vidole viwili haukatiki upesi. Huo wa kuvutika ndio wenyewe. Utazame kabla ya kujitawadha, kwa karatasi safi au kidole, na usiutazame asubuhi ya baada ya kukutana na mumeo kwa sababu shahawa hukudanganya. Kujiosha ndani kwa maji ya sabuni au dawa yoyote huuharibu, na kwa anayetafuta mimba hilo ni hasara tupu.

Sindano nayo ina sehemu yake. Kwa waliotumia sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba hurudi polepole. Kwa kawaida hupita kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wewe kutoka Julai hadi Mei ndiyo hiyo miezi 10. Hujachelewa. Ikipita miezi 12 ya kukutana vizuri katika siku zenyewe bila mimba, nendeni kliniki wote wawili, na kipimo cha kwanza cha kutangulizwa kiwe cha shahawa, kwa sababu ni chepesi na hakiumi. Mwenye miaka 35 na zaidi asingoje miezi 12, aende baada ya sita.

Kuhusu tarehe "kuruka". Mumeo anafikiri hedhi iliyo sawa huja tarehe ileile ya kalenda. Haiwezekani, maana miezi ya kalenda ina siku 28, 30 na 31. Kinachopimwa ni idadi ya siku kati ya hedhi na hedhi. Kwa mwanamke mzima, siku 24 hadi 38 ni kawaida, na tofauti kati ya mzunguko mfupi na mrefu ikiwa siku 7 hadi 9 bado hakuna tatizo. Wako ni kati ya 27 na 32, tofauti ya siku 5. Huo ni mzunguko uliotulia. Tena jambo analolichukua kuwa ushahidi wa kidonge ni ushahidi wa kinyume chake. Anayemeza vidonge vya majira kwa utaratibu hupata damu karibu kila baada ya siku 28, imenyooka, nayo huwa kidogo na maumivu hupungua. Aliye kwenye sindano damu humpotea au humtoka ovyo. Damu nyingi yenye maumivu inayokuja 27, 32, 27 ni ya mwili usio na dawa. Kadi yako ya kliniki ina tarehe ya sindano ya mwisho, ukipenda mwonyeshe. Tunasema ukipenda, kwa sababu hukufanya kosa la kujitetea.

Na wifi yako, kwa heshima yake, amesahau mafundisho ya hukuhuku pwani. Mwari akivunja ungo, somo yake, yaani kungwi wake, humfundisha kuhesabu kabla ya mengine mengi: ajue ada yake, yaani kawaida ya siku zake, ajue lini anaacha sala na lini anaoga, ajue ni siku ngapi za Ramadhani anazodaiwa. Hedhi yako ya 4 Machi iliingia ndani ya Ramadhani. Siku hizo unazilipaje bila kuzijua idadi? Kwa Mashafii hedhi haizidi siku 15, ikizidi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na hukumu yake ni nyingine, na eda ya mwanamke aliyeachwa huhesabiwa kwa tohara zake. Yote hayo ni hesabu. Mambo ya ibada muulize ustadhi au mwalimu wako wa madrasa. Sisi tunaongeza tu kwamba kwa upande wa afya usingoje hizo siku 15. Damu ikizidi siku 8 ni sababu ya kwenda kituoni.

Tuje kwenye programu uliyofutiwa. Hukupoteza kitu kikubwa. Programu nyingi huanza kwa kukudhania mzunguko wa siku 28, kisha hubashiri. Hedhi yako ya 31 Machi simu iliitarajia tena 28 Aprili; ilipokuja 2 Mei ikawa imeshakutangaza umechelewa, kumbe ulikuwa ndani ya siku zako za kawaida. Siku za rutuba inazopaka rangi ni makisio vilevile, haioni ute wako. Halafu kuna suala la siri. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo Health, yenye programu ya hedhi inayotumiwa na mamilioni ya wanawake, baada ya kuituhumu kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hailindi kioo cha simu kilichowaka mezani. Atakayependa programu azime arifa zote, aweke namba ya siri ndani ya programu yenyewe, akatae isijue alipo, na asijisajili kwa jina lake kamili. Kwa hali yako tunashauri daftari.

Nunua daftari dogo la mraba, lile la hesabu. Ukurasa mmoja, mzunguko mmoja. Siyo mwezi mmoja wa kalenda. Pembeni andika namba ya siku kuanzia 1, mbele yake tarehe, kisha nguzo, yaani safu za kushuka chini, za damu, tumbo, kichwa, moyo (hasira au huzuni), dawa na kazi. Kila dalili ipe alama: 0 haipo, 1 ipo lakini unafanya kazi zako, 2 imekulazimisha kunywa dawa au kupunguza kazi, 3 imekulaza. Nguzo ya damu usiandike "nyingi", andika idadi ya pedi zilizolowa kabisa. Kubadilisha pedi iliyolowa robo kwa ajili ya usafi usiihesabu kama iliyojaa, iandike nusu. Bonge la damu lenye upana wa kama sentimita 2.5, karibu na sarafu ya shilingi 200, liandike B. Nguzo ya kazi ndiyo watu wengi huiacha, na daktari huihitaji kuliko zote: cherehani ulikaa au hukukaa? Mstari mmoja utaonekana hivi:

Siku 2 – 26 Juni – pedi 6, B mara 2 – tumbo 3 – kichwa 0 – moyo 1 – ibuprofen saa 2 asubuhi, saa 10 jioni – sikushona.

Andika usiku huohuo kabla ya kulala, hata siku ambazo huna dalili yoyote. Sifuri ni habari. Wanaoandika siku za maumivu peke yake, au wanaokaa Ijumaa wakajaza wiki nzima kwa kukumbuka, huishia na daftari linalosema walichokuwa wanakiamini tangu mwanzo: kila hasira wataisogeza karibu na hedhi, na hasira ya siku ya 12 wataisahau. Ongeza nguzo moja ya mwisho, D kwa siku ambazo baba watoto yuko dago. Miezi miwili tu ya hiyo nguzo na mtaona kwa macho tuliyoyaeleza hapo juu.

Maumivu usiyangoje yafike juu. Kizazi kikianza kumwaga utando wake hutengeneza kemikali zinazokifanya kijibane, zinaitwa prostaglandini. Ibuprofen huzuia zisitengenezwe, lakini zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi. Ndiyo maana anayemeza saa sita baada ya kujikunja husema dawa haimfai. Meza damu inapoanza tu: miligramu 400, yaani vidonge viwili vya 200, baada ya kula, kila baada ya saa 8, kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Usizidishe miligramu 1200 kwa siku bila daktari. Kwa kuwa unatafuta mimba, hakikisha damu ni ya hedhi ya kutoka hasa. Ikiwa ni matone, na hedhi imepita zaidi ya siku 32, pima mkojo kwanza. Usitumie kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo, au pumu inayoamshwa na aspirini. Usichanganye na diklofenaki. Ni ndugu moja na mtaani hupewa watu zote mbili kwa pamoja. Na ukiwa na homa usiyoijua chanzo iache kabisa mpaka upimwe, kwa sababu huku pwani kuna dengi na dawa za aina hii huongeza hatari ya kutokwa damu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, chini ya kitovu au kiunoni, inasaidia kweli, wala siyo ya kujipumbaza.

Pedi saba hadi nane zilizolowa, na mabonge, ni damu nyingi. Ukirudi kituoni omba wapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba isiwe chini ya 12. Ikiwa chini utapewa vidonge vya madini ya chuma, na hapo chai ya rangi uisogeze mbali na chakula na dawa kwa saa moja au mbili, maana inazuia chuma kisiingie mwilini. Omba pia ultrasaundi ya kizazi na ovari. Hedhi iliyobadilika na kuwa ya maumivu na damu nyingi inaweza kuwa na uvimbe wa fibroidi, au endometriosisi, yaani utando kama wa kizazi unaoota nje ya kizazi, ambayo humpata kama mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa na mara nyingi haionekani kwenye ultrasaundi. Kwa hiyo ultrasaundi ikiwa safi na alama zako ni 3 kila mwezi, usikubali kuambiwa ndivyo wanawake walivyo; omba rufaa ya hospitali ya Bombo kwa daktari wa wanawake. Kama unatoka damu katikati ya mzunguko au baada ya tendo la ndoa, liseme hilo hata kama linakuonea haya. Hapo watatazama mlango wa kizazi, na wakumbushe kichocho, hasa kama utotoni ulioga mtoni au bwawani. Kichocho cha mkojo huingia mpaka sehemu za uzazi.

Kichwa cha siku mbili kabla ya damu kipe nguzo yake vizuri. Kinachokuja kati ya siku mbili kabla na siku tatu za mwanzo wa hedhi, katika angalau mizunguko miwili kati ya mitatu, huwa ni kipandauso cha hedhi. Kama kabla ya kuuma unaona vimulimuli, mistari ya kumeremeta au giza upande mmoja wa jicho, liandike kwa herufi kubwa. Siku ukirudi kwenye uzazi wa mpango mwambie nesi, maana vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye dalili hiyo. Vinaongeza hatari ya kiharusi.

Usingoje mwezi wala daftari kama pedi inajaa ndani ya saa moja, saa mbili mfululizo, au unaona kizunguzungu cha kuanguka, au hedhi imechelewa na unapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Limebaki lile la "hizo siku zako zinasema", na hapa tunaomba mumeo asomewe au asome mwenyewe.

Ndugu yetu, mabadiliko ya moyo kabla ya hedhi yapo. Baadhi ya wanawake hupata huzuni, hasira ya karibu au usingizi kuharibika katika siku tano au saba za mwisho wa mzunguko, na damu ikishatoka siku chache hali inatulia. Mkeo akiandika alama kila usiku kwa mizunguko miwili mtajua kama yumo, badala ya kukisia. Lakini pesa ya mboga iliyopungua tarehe 27 imepungua, awe mwezini au asiwe. Ukitumia siku zake kufuta maneno yake, utakuwa umemfundisha akufiche siku hizo, na nyumba ambayo mwanamke anaficha tarehe zake mimba yenye matatizo hugundulika kwa kuchelewa. Wewe unarudi umechoka, una hamu na mkeo, unamkuta kwenye siku ambazo dini imekukataza na mwili wake unauma. Ni taabu ya kweli, na miezi mitano mfululizo si kitu kidogo. Lakini hakuna aliyekupangia. Wala simu haikuwa yako kuifuta.

Kwako Mama wa wawili: daftari ni lako. Mwonyeshe baba watoto yale yanayowahusu wote, yaani hedhi inatarajiwa lini, siku za mimba zinaangukia wapi, siku ya kliniki, na bei ya pedi na dawa ili ziingie kwenye hesabu ya mwezi. Nguzo ya moyo si lazima aione. Zungumza naye siku ambayo tumbo haliumi, na isiwe usiku anaorudi kutoka baharini, na anza na ukurasa wenye D, siyo na lawama ya simu. Ikiwa shutuma zitageuka vitisho, kipigo, au kukulazimisha uchi ili ahakikishe, hapo ushauri wa daftari umekwisha; kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na mzee unayemwamini ajulishwe siku hiyohiyo.

Hedhi ya mwisho wa Juni ndiyo itakamilisha mzunguko wa sita. Itakapokatika, na mumeo bado hajaondoka, nendeni pamoja kituoni mapema asubuhi mkiwa na karatasi ya tarehe, kurasa za daftari na kadi ya sindano. Nesi akiuliza hedhi ya mwisho ilianza lini, jibu wewe. Akiuliza miezi hii mmekuwa mnakutana siku zipi, ajibu yeye.